Swali la Shingo

Ninyi mnaoanza kazi kituoni, kabla hamjaulizia hata nyumba ya kupanga, ulizeni mpapai uko wapi. Uko nyuma ya choo cha wafanyakazi. Majani yake ya chini mtayakuta yamekatwa kana kwamba kuna mbuzi anayejua kupanda miti. Si mbuzi, ni mimi. Kwa miaka kadhaa nimeuvua mpapai ule majani, na bua la jani la mpapai ndicho kifaa cha kazi ninachojivunia kuliko kipima presha, kuliko hata ile shahada ya uuguzi ambayo mama yangu ameitundika sebuleni karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

Nimestaafu. Najua mnacheka. Nina miaka thelathini na mbili, nywele zangu zote ziko mahali pake, na kustaafu kwenyewe ni mkataba kwisha na mimi kupata nafasi ya kufundisha chuo kimoja mjini Bukoba. Lakini Mama Koku, aliyenifundisha kazi, anasema mtu akishaanza kusema "enzi zetu" huyo amestaafu, hata kama bado ana chunusi. Nami juzi nilijisikia nikisema "enzi zetu" mbele ya watu watatu. Basi nimekubali.

Kituo chenyewe kiko wilayani Muleba, sitakitaja jina. Pale, kwa miaka sita, nilifanya kila kitu: chanjo, vidonda, malaria, kupima watoto uzito. Ninachotaka kuwaachia ni jambo moja tu ambalo chuoni sikufundishwa, na ambalo nilijifunza kwa kukosea. Ni kuhusu watu wanaokabana shingo katika tendo la ndoa wakidhani ni mahaba, na madhara wanayoletewa na mchezo huo. Nitasema wazi. Mama Koku alinikataza mafumbo tangu siku nilipomuuliza mgonjwa kuhusu "yale mambo ya chumbani", na mgonjwa akanieleza habari za kunguni kwa nusu saa.

Mama Koku ni mkunga. Jina lake kamili ni Kokugonza, na alikuwa kituoni hapo tangu mimi niko darasa la kwanza. Ni mfupi, Mlutheri wa kufunga vifungo vyote mpaka kile cha juu, na ana namna ya kumtazama mtu mpaka mtu anakumbuka dhambi ambayo hajaitenda. Mimi nilifika kwake nikiwa mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikimchoma mgonjwa sindano, nilirudi mara tatu kutazama kama anapumua. Bibi mmoja wa Izigo aliniambia, kwa neno letu la Kihaya la kubembeleza, "Waitu mwanangu, ukinitazama hivyo naanza kufikiria nani nimwachie kibanja changu cha migomba." Kuwaza si kubaya. Ubaya ni kwamba nilikuwa nawaza mahali pa kuuliza.

Hapo ndipo alipoingia Kemi.

Kemilembe alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kimwani, ameolewa miezi mitano na Respi, fundi seremala mwenye karakana karibu na stendi ya Muleba. Kila mtu alimjua Kemi kwa sauti. Alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya Walutheri, na mimi Mkatoliki nilikuwa nimeshawahi kusimama nje ya kanisa lao, nikijifanya nafunga kamba za viatu, ili nimsikie akimaliza ubeti. Siku hiyo aliingia saa saba mchana, jua kali, skafu imezungushwa shingoni mara mbili. Alinong'ona.

"Dokta, sauti imekwenda. Na Jumapili tuna wimbo mpya."

Nilimpima kwa bidii zote za mtu mwenye shahada. Nilitazama koo. Nilimuuliza homa, kikohozi, vumbi la karakana ya mume, soda baridi, mazoezi ya kwaya. Nilimuuliza kama mama mkwe anafuga kuku, maana nilikuwa nimesoma mahali kuhusu manyoya. Niliwaza magonjwa kama kumi na manne. Na ile skafu, jamani, niliiona! Niliiwaza pia. Nikasema moyoni, labda ana baridi. Labda ni mtindo. Labda nikimwambia mke wa mtu afungue shingo, mimi kijana wa kiume, atanifikiriaje? Labda atamwambia mumewe, na mumewe ana misumeno. Nilipomaliza kuwaza, Kemi alikuwa anasimama kuondoka. Nikamwandikia mafindofindo, nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi.

Jioni tulipokuwa tunakabidhiana daftari, Mama Koku akaniuliza, "Yule binti aliyevuka uwanja na skafu, ana nini?"

"Mafindofindo, Mama."

"Ulimfungua shingo?"

"Hapana, Mama."

"Ulimuuliza kwa nini amejifunga jua lote hili?"

 Mama Koku akashusha kidole kwenye daftari, akasoma polepole, midomo ikitembea. "Nova. Umeuliza kuku wa mama mkwe. Shingo ya mgonjwa hukuiuliza?"

Tulimpigia simu pale pale. Kemi akasema kwa mnong'ono kwamba anaendelea vizuri, ila kichwa kinamuuma upande mmoja na kumeza kunamsumbua kidogo. Mama Koku akamwomba aje asubuhi. Akasema atakuja akimaliza kufua.

Alikuja kesho yake saa nne, lakini hakuja kwa miguu yake. Respi alimleta kwenye pikipiki ya jirani, yeye nyuma akimshikilia, dereva mbele. Upande mmoja wa mdomo wa Kemi ulikuwa umeshuka. Mkono wa kulia ulining'inia.

"Kikombe kimemdondoka," Respi alisema. "Amekiokota, kikamdondoka tena. Nikamwambia acha utani. Akataka kunijibu, maneno hayakuja. Dokta, jana ulimpa nini?"

Swali hilo bado nalisikia. Nilikuwa nimempa chumvi.

Mama Koku alimtazama Respi mara moja tu. "Respi, baba, kimbia ukamtafute dereva wa gari la wagonjwa, yuko kule kwenye tenki la maji. Mwambie safari ya Bukoba, sasa hivi." Dereva alikuwa amekaa dirishani petu, anatusikia. Mama Koku alimkonyeza, na dereva akainuka taratibu akaelekea kwenye tenki ili akatafutwe. Ndipo Mama Koku akavuta pazia, akaifungua skafu kwa vidole viwili.

Shingo ilikuwa safi. Nilitarajia michubuko, alama za vidole, kitu. Hakukuwa na kitu, ila wekundu hafifu ambao ungeweza kusema ni joto la kitambaa. Mama Koku akamshusha kope la chini kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na vidoti vyekundu, vidogo kama vimechomwa na ncha ya sindano.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ileile anayotumia kuuliza hedhi ya mwisho. "Nani alikushika shingo?"

Kemi alitazama pazia. Kisha akatuangalia, machozi yakaanza upande ule wa uso ambao bado ulikuwa wake.

"Ni Respi?"

Akakubali kwa kichwa. Akajitahidi, neno likatoka kipande kipande. "Mche... mchezo."

"Hakuwa na hasira? Hamkugombana?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana.

"Ulizimia?"

Akanyanyua mkono mzima, wa kushoto. Vidole viwili. Mara mbili.

Maneno manne: mwanangu, nani alikushika shingo. Mimi nilikuwa na kurasa mbili za maswali, na yeye alimaliza kazi kwa pumzi moja. Baada ya siku ile niliandika swali hilo kwa namna kumi na moja kwenye daftari langu, nikitafuta lililo laini zaidi, na Mama Koku alipoliona daftari alifuta kumi.

Nilikwenda nao Bukoba ndani ya gari. Kemi amelala, mimi nimeshika dripu, Respi amepiga magoti sakafuni ameshika mguu wa mkewe.  Tulipopita Muhutwe akaanza mwenyewe, akitazama mguu.

"Niliona kwenye simu, dokta. Vijana pale kinyozi wanaonyeshana. Wanasema wanawake wa sasa wanapenda hivyo."

"Kemi alikwambia anapenda?"

"Hakusema hapendi."

"Ulimuuliza?"

Akanyanyua uso, akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Nimuulize? Dokta, wewe ni Mhaya mwenzangu. Mimi nianze kumuuliza mke wangu chumbani anapenda nini? Si atasema nimetoka wapi?"

Hapa niwaeleze ninyi mnaotoka mikoa mingine. Mhaya akijitambulisha popote nchi hii, Dar, Mbeya, Tanga, watu hutabasamu. Tuna sifa yetu ya chumbani, mnaijua, sina haja ya kuitangaza. Tunaibeba kwa madaha kama tunavyobeba Kiingereza. Lakini sifa hiyo ina mzigo wake, na nilikuwa sijauona mpaka siku ile ndani ya gari: mwanaume aliyeambiwa tangu kuzaliwa kwamba anajua, anaona aibu kuuliza. Respi hakuwa mkatili. Alikuwa mtu mwenye sifa ambayo hakuwahi kuifanyia mazoezi, akaenda kujifunzia kwa kinyozi.

Na Kemi? Alinieleza miezi mitatu baadaye, maneno yaliporudi. "Nilidhani yeye ndiye anapenda," alisema. "Mimi ni wa Kimwani, nimekuja kuolewa karibu na stendi. Sikutaka anione mshamba." Wote wawili walikuwa wanavumilia kwa ajili ya mwenzake. Hakuna aliyefurahi hata siku moja.

Madaktari wa Bukoba walimpiga picha, wakatueleza bila kutugombeza. Mshipa mmoja mkubwa wa shingo ulikuwa umechanika kwa ndani, ngozi ya nje haijui. Damu ikaganda pale penye mchaniko, kipande kikasafiri mpaka kwenye ubongo. Inaweza kutokea saa ileile, au baada ya siku kadhaa, mtu ameshasahau. Koo nalo lilikuwa limeumia, ndiyo maana sauti ilikimbia. Daktari alisema tumewahi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana mimi nilijua kwamba tungeweza kuwahi zaidi kwa siku nzima.

Mama Koku hakunisema. Alinifanyia kitu kibaya zaidi: alinipa kazi. "Wewe ndiye utamfanyisha mazoezi ya mkono akirudi. Kila siku. Mpaka amenye."

Alimaanisha kumenya ndizi. Mtaalamu wa mazoezi wa Bukoba alikuwa amempa Kemi mpira wa kubonyeza, ukapotea chini ya kitanda. Mama Koku akaleta mkungu wa ndizi mbichi na kisu, akasema mkono wa mwanamke wa huku unakumbuka ndizi kuliko mpira. Basi mimi, mwenye shahada, nilikaa kwenye kiti kifupi jikoni kwa Respi kila jioni baada ya kazi, namenya ndizi mkono kwa mkono na mgonjwa wangu. Ndizi ya kwanza ilimchukua muda mrefu mpaka ikawa nyeusi.

"Kwa kasi hii," nikamwambia, "tutakula Krismasi."

"Krismasi... ya... mwaka gani?" Kemi akajibu, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ndefu aliyoitoa. Respi aliyekuwa anakoleza moto akaacha kukoleza, akatoka nje. Tulimsikia akipenga makamasi nyuma ya nyumba.

Siku aliyomenya sufuria nzima peke yake, na ganda likitoka nyembamba kama inavyotakiwa, niliona fahari ambayo sikuiona hata siku ya mahafali. Sikuwa nimemponya mimi. Lakini nilikuwepo, na kisu cha pili kilikuwa changu.

Sasa nirudi kwenye mpapai.

Usharika wa Kemi una semina ya ndoa kwa wachumba wanaokaribia kufunga pingu. Mchungaji alikuja kituoni akaomba mtu wa afya azungumze. Zamani tulikuwa tunazungumzia uzazi wa mpango na kupima damu. Mara hii nilimwambia Mama Koku kwamba nitazungumza kuhusu shingo. Niliandaa picha arobaini na tatu za kuonyesha ukutani, zenye michoro, mishale, na neno "hypoxia", yaani mwili kukosa hewa, katika picha ya pili. Umeme ukakatika hata sijasema Bwana asifiwe.

Nikabaki nimesimama mbele ya wachumba ishirini, wazee wa kanisa wanne, na Kemi na Respi benchi la mwisho.  Nikawaza niombe radhi, niahirishe, nihame mkoa. Mama Koku akaingia kutoka nje akiwa na jani la mpapai mkononi, akalikata bua, akanipa. Kutoka mfukoni akatoa mpira wa dripu na chupa yake. "Fundisha," akasema.

Nilinyanyua bua. Kila mtoto wa migombani amewahi kulipuliza, linatoa mlio. Nikalipuliza, likalia puu, watu wakacheka. Nikasema: hili ni bomba la hewa la mtu. Ni duara, ni gumu kiasi, linasimama lenyewe. Nikalibana kwa vidole viwili, bila kutumia nguvu. Likatoa sauti ya kuvunjika, ndogo tu. Nikaachia. Halikurudi duara. Nikalipuliza tena, likatoa upepo wenye kukwama. Kicheko kiliisha. Nikampa bibi harusi wa mbele ajaribu kulinyoosha. Alilinyoosha, likapasuka.

Kisha mpira wa dripu, mimi nimeshika chupa, Mama Koku ameshika mwisho. Matone yanadondoka. Nikaubana, yakasimama. Nikaachia, yakaendelea. "Tazameni mpira," nikasema. "Una alama?" Hapana. "Aliyekuwa anasubiri matone upande wa pili ni ubongo. Yeye haoni kama mpira una alama au hauna. Yeye anajua tu kwamba alikosa."

Mzee mmoja wa kanisa akasimama, fimbo mkononi. "Mchungaji, kwa heshima. Mambo haya sisi hatukuyazoea kusemwa humu."

Nilikaribia kukaa. Mama Koku akamgeukia. "Mzee wangu, umeishi na mama miaka mingapi?"

"Arobaini na kitu."

"Umewahi kumkaba shingo?"

"Mungu aepushe!"

"Na watoto mnao?"

"Tisa."

"Basi, waitu, huo ndio ushuhuda. Kaa, tumekuelewa."

Kanisa lilivunjika mbavu, na mzee mwenyewe alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Lakini kijana mmoja, bwana harusi wa wiki ileile, hakuwa ameshawishika. Akauliza, "Dokta, na kama mtu anashika taratibu tu? Kwa kipimo? Mmekubaliana, na akigonga mara mbili unaachia?"

Swali zuri, nami naomba mlijue jibu lake kwa moyo, maana mtaulizwa. Hakuna kipimo. Hakuna mahali pa shingo palipo salama, pembeni wala mbele, kwa mkono wala kwa kitambaa. Mtu anaweza kupoteza fahamu katika sekunde chache tu, na mkono ndio unaotangulia kulegea. Ishara yenu mliyokubaliana haitafika, kwa sababu mpelekaji ameshaondoka. Na anayekaba hana namna ya kujua ni sekunde ipi inatenganisha mchezo na msiba. Wapo pia wanaojifanyia peke yao. Hao hawana hata mkono wa pili wa kuachia. Kile kizunguzungu wanachokiita raha ni ubongo unaolia njaa.

Nilikuwa nasema hayo, na nadhani nilianza kurudi kwenye lugha ya picha ya pili, ndipo Respi akasimama nyuma.

"Kaka," akamwambia yule bwana harusi. "Mimi ni fundi. Mbao nazipima kwa futi kabla sijakata. Nikikosea, nanunua nyingine. Shingo ya mke wangu niliishika bila futi."  Kemi alikuwa ameshika mkunjo wa shati lake kwa mkono wa kulia, ule mkono wa ndizi. "Mimi ndiye niliyefanya. Sikuwa na hasira. Nilimpenda kama unavyompenda wako. Muulize tu anapenda nini. Atakwambia, na hutakuwa Mhaya pungufu."

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana harusi alimtazama mchumba wake, na mchumba wake akatazama sakafu, kisha akatikisa kichwa kidogo, hapana. Nilikuwa karibu, niliona. Sidhani kama kuna mwingine aliyeona. Kwa kile kichwa kimoja kilichotikiswa, nasema bila aibu, najivunia miaka yangu sita yote.

Tangu hapo semina zile hazijapita bila bua la mpapai. Wakatoliki wenzangu nao wakatuita, na mpapai ukaanza kubaki uchi.

Mambo machache ya kazi, kabla sijasahau. Kwanza mtenganishe mgonjwa na aliyemleta, na usitumie hila ileile kila siku. Dereva wetu ameshachoka kutafutwa kwenye tenki. Uliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya hedhi ya mwisho. Usiulize "umepigwa?" kwa sababu anayefanya mchezo atasema hapana, na atakuwa amesema kweli. Taja shingo. Sauti iliyokauka bila mafua, kumeza kwa shida, kichwa au shingo kuuma upande mmoja, kope lililolegea, vidoti vyekundu machoni, kujikojolea, kusahau kilichotokea: lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka hospitali kubwa, hata kama anacheka na anataka kwenda kufua. Mjamzito, usisubiri hata dalili. Shingo safi isikudanganye. Mimi ilinidanganya nikiwa hata sijaifungua.

Na jueni kwamba wapo ambao kwao si mchezo. Nimewaona pia, na mtawaona. Huyo ukishamuuliza nani, muulize na kama nyumbani pana usalama wa kurudi, kisha usimwache mlangoni peke yake. Fuata taratibu za kituo mpaka apate pa kulala. Swali ni lilelile. Jibu ndilo linalobadilika, na wewe usilikisie.

Kemi amerudi kwaya. Ile noti ya juu ya mwisho wa ubeti haikurudi naye. Mwalimu wa kwaya alimhamishia sauti ya pili, na mwanzoni alilia, kisha akaniambia kwamba huku chini kuna kazi nyingi kuliko alivyodhani, zile sauti za juu zinasimama juu ya kitu. Jumapili iliyopita nilisimama tena nje ya kanisa lao. Sikujifanya nafunga viatu. Wimbo ulipofika pale, wasichana wa sauti ya kwanza waliifikia noti ile wawili wawili, kwa taabu, na chini yao nilimsikia yeye, ameshika, hatetereki.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikabidhi funguo, daftari, na mpapai. Aliyechukua nafasi yangu anaitwa Asimwe, ametoka chuo mwaka huu, na tangu asubuhi nilimwona akihesabu glavu mara mbili. Nikamwonea huruma, nikajiona. Kwenye saa saba hivi akaja dada mmoja, blauzi yenye kola imefungwa mpaka juu, anaongea kwa kukwaruza. Alikuja na mwanaume mwenye haraka. Mimi nilikuwa benchi la nje, begi miguuni, nasubiri basi la Bukoba. Sikuwa tena mfanyakazi. Nikashika mikono yangu kwa nguvu ili isiende popote.

Nilisikia Asimwe akisema, "Kaka, samahani, naomba umsaidie Mama Koku kuhamisha lile benchi." Mwanaume akatoka. Mama Koku, ambaye hakuwa na benchi lolote la kuhamisha, alinitazama, kisha akaniamuru niinuke nilipokuwa nimekaa.

Pazia likavutwa. Kukawa kimya, kile kimya cha mtu anayewaza. Nikakihesabu. Nilikijua, nilikuwa nimekiishi. Moja, mbili, tatu.

"Dada," sauti ya Asimwe ikasema nyuma ya pazia, ikitetemeka kidogo lakini ikifika mwisho. "Nani alikushika shingo?"

Basi likapiga honi barabarani. Nikachukua begi langu, nikaenda.